Sufuria ya Mwisho Haiuzwi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au mtu aliwahi kulifungia sabuni kabla hujalisoma, pole. Nakukumbusha harakaharaka, maana sina subira hata ya kukaa kwenye kiti.

Mimi ndiye Fundi Kilo, mmiminaji wa sufuria. Dada yangu, aliyenilea tangu mama alipotutoka, figo zake zote mbili zimechoka na anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Nilimshuku mumewe kwamba anamlisha sumu. Nikamwita muuaji mbele ya ndugu kumi na wanne, akatolewa nyumbani na begi lake mkononi. Halafu nikajipiga kifua: figo natoa mimi, kwaherini!

Mtaniuliza, Kilo, ulimshuku kwa lipi? Kwa mawili. La kwanza, alikuwa akimletea mkewe chupa za dawa za majani kutoka safarini. La pili, na hili ndilo lililonikaa rohoni, hakuwa anakula chakula cha nyumbani. Yule ni dereva wa lori, watu humwita Taratibu. Akirudi safari anaketi mezani, anaonja vijiko viwili, anajipapasa tumbo, anasema ameshiba. Ameshiba nini na ametoka barabarani? Mwanamume gani hana njaa kwa mkewe miaka nenda miaka rudi? Nikasema huyu anajua kilichomo.

Basi tuliachana pale kwenye benchi la kliniki, Jumatatu asubuhi, mimi na mpwa wangu tukisubiri majibu. Mpwa ni binti pekee wa dada, fundi cherehani, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake. Naye alipimwa, endapo figo yangu ingekataliwa. Nilimwambia anapoteza damu yake bure, mjomba wake ni mzima kama chuma.

Mlango ukafunguliwa. Dokta, mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, akatuita wote wawili.

"Kaa, kaka."

"Nitakaa ukishasema."

"Unafanya kazi gani?"

"Dokta, hilo nimelijaza kwenye fomu tatu. Namimina sufuria."

"Kwa kutumia nini?"

"Skrepa. Rimu za magari, injini kuukuu, makopo. Aluminiamu yoyote inayoyeyuka."

Akashusha miwani, akasoma karatasi, akaipandisha tena.

"Damu yako ina madini ya risasi. Si kidogo. Na figo zako zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Huwezi kumpa mtu figo. Hizo mbili unazihitaji mwenyewe."

Nilicheka. Sijui kwa nini, kicheko kilinitoka tu kama kikohozi.

"Mimi siumwi!"

"Figo hazipigi kelele mapema. Dada yako naye alikuwa haumwi, mpaka siku miguu ilipovimba."

"Haya, basi. Chukua ya huyu," nikamwonyesha mpwa. "Kijana, hanywi, havuti."

Dokta akachukua karatasi ya pili.

"Na yeye anayo risasi. Chini ya yako, lakini ipo, na siwezi kumkata mtu wa umri wake katika hali hiyo."

"Mimi?" mpwa akaruka. "Mimi nashona! Karakana ya mjomba sijaikanyaga hata siku moja, ule moshi unanipandisha pumu."

"Na mama yako?"

"Mama ndio kabisa. Ataenda kufanya nini kule?"

"Kwa sababu mama yako," dokta akasema polepole, "ana risasi mara mbili ya mjomba wako."

Nikakaa.

Akatueleza. Hawezi kuapa kwamba ni risasi peke yake iliyomaliza figo za dada, maana hata presha anayo. Lakini risasi ilikuwa humo miaka mingi, ikila kidogokidogo. Na kwa kuwa binti anayo na mama anayo, basi kitu hicho kimo ndani ya nyumba. Inaweza kuwa rangi, maji, vyombo, dawa.

"Dawa!" Nilisimama kiti kikaanguka. "Si nilisema? Zile chupa za Taratibu! Mpwa, si nilisema?"

"Mjomba, okota kiti."

"Kesho namtuma bwana afya aje apime," dokta akasema. "Na kuhusu huyo mume. Kaeni kwanza. Alikuja hapa kabla yenu, peke yake, akapimwa kila kitu. Damu yake na ya mkewe zinaoana. Figo zake safi. Risasi hana. Aliniomba nisiwaambie mpaka majibu yote yatimie. Yametimia, na sasa namtafuta wiki ya tatu simu haipatikani. Yuko wapi?"

Mpwa akanitazama. Mimi nikatazama bango la kunawa mikono.

"Ijumaa madaktari wa upasuaji wanapanga majina," akaendelea. "Saa nne asubuhi nataka sahihi ya mgonjwa na ya mtoaji. Zisipokuwepo, jina linarukwa mpaka awamu nyingine."

"Awamu nyingine lini?"

"Miezi sita. Na mishipa ya kumuunganishia mashine inatuishia. Sipendi kuwatisha."

"Umeshatutisha," mpwa akasema.

Sasa nataka mnijue vizuri, kwa hiyo sifichi. Mtu mwingine angesikia kwamba shemeji yake alijipeleka mwenyewe kupimwa, angeona haya. Mimi nilisikia maneno mawili tu: risasi hana. Njia nzima nikawa naongea peke yangu. Mke anayo, binti anayo, yeye hana! Atakuwaje nayo wakati chakula hali? Mpwa alitangulia mbele hatua ishirini, ili watu wasijue tuko pamoja.

*

Jumanne bwana afya alikuja nyumbani kwa dada na mashine ndogo ya mkononi, kama ile ya kukaushia nywele saluni. Unaielekeza kwenye kitu, inasoma kilichomo. Dada alikuwa hospitali kwenye mashine yake. Nikashukuru, maana nilitaka kumwandalia ushahidi kamili.

Akapima ukuta. Hakuna. Akapima bomba, akachukua maji kwenye kichupa. Akapima vigae, vikombe, hata mswaki. Mimi nilikuwa nyuma yake kama mkia, nikimsukumia ile chupa ya dawa.

"Pima hii."

"Nitaifikia."

"Ifikie sasa."

Akapima. Akatikisa kichwa.

"Pima tena, haikugusa vizuri."

Akapima mara tatu, mara ya tatu kwa hasira.

"Mzee, haya ni majani. Sisemi yanaponya, lakini risasi hamna."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Wiki tatu nilikuwa nimesimama juu ya chupa ile.

Mpwa akasema samahani, anataka kubandika uji wa mama kabla hajarudi. Akashusha sufuria kubwa kutoka rafu, ile anayoipenda dada. Bwana afya, hata hakuwa amekusudia, akaielekeza mashine.

Ikalia.

Akasogea. Akapima chini ya sufuria, kwenye kitako. Ikalia mpaka akaizima.

"Hii mmeitoa wapi?"

Mpwa akafungua kinywa. "Hiyo ni ya mjo..."

"Sokoni!" nikadakia. "Zamani sana. Nani anakumbuka?"

Nilidanganya. Nimeandika hapa mjue: aliniuliza swali jepesi kuliko yote maishani mwangu, na nikadanganya huku nimesimama kwenye jiko la dada yangu.

Akafungua kabati. Sufuria saba. Akazipima zote, moja baada ya nyingine, na kila moja mashine ikalia. Alikaa kwenye kigoda akajifuta jasho.

"Nimepima sufuria za kumimina mtaa mzima mwezi huu. Nyingi zina risasi kidogo, na hata kidogo hicho si kizuri. Lakini kama hizi sijaziona. Ni kama mtu amezichagua. Mama anapenda kupika nini?"

"Nyanya," mpwa akasema. "Kila kitu nyanya na ndimu. Na anakilaza humo humo mpaka kesho."

"Vitu vya uchachu ndivyo vinavyoitoa. Msipikie humu tena, hata maji ya kuoga."

Akaandika, akaondoka. Alipofika mlangoni aliniuliza kama nina hakika ni sokoni. Nikamwambia hakika kabisa, kisha nikazibeba sufuria zote nikaenda nazo karakana.

*

Wasomaji, subirini niwaeleze jambo la karakana, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini sikulala kitandani wiki ile bali nilizunguka chumba.

Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja. Sufuria ya mwisho ya siku haiuzwi. Ile inayotoka kwenye kitako cha chungu cha kuyeyushia, moto unapokwisha, ndiyo nzito kuliko zote. Hiyo fundi anaipeleka kwa watu wake. Tuliishika sheria hiyo kama dini. Sufuria yangu ya mwisho ya kwanza kabisa, miaka kumi na sita iliyopita, nilimpelekea dada. Alilia. Aliizungusha kwa majirani kama amejifungua. Na tangu hapo, kila iliyonipendeza ilikwenda kwake, nyingine zikaenda kwa ndugu.

Lakini mwalimu alikuwa na desturi nyingine, na hiyo sikuishika. Rimu za magari huja na vile vipande vya kubalansi tairi vimebanwa ukingoni. Vile ni risasi. Mwalimu alikuwa na nyundo ndogo, anavigonga kimoja kimoja, anavitupa kwenye debe. Alipofariki, kabla sijamimina sufuria yangu ya kwanza, nyundo ile niliiona kazi ya wazee. Nikawa natumbukiza rimu nzima nzima. Nikafurahi pia, uzito wa bure! Mteja akiinua sufuria yangu mkono unashuka, anasema hii ndiyo sufuria. Ndipo jina la Kilo lilipoanzia.

Na risasi haichanganyiki na aluminiamu. Inazama. Inakaa chini, kwenye kitako, inasubiri wa mwisho.

Nilijua! Kila anayeyeyusha chuma anajua hilo, tunacheka wanafunzi wasiolijua. Nilijua kwamba inazama, nilijua sufuria ya mwisho inatoka chini, nilijua ninampelekea nani. Miaka kumi na sita sikuwahi kuyaweka hayo matatu pamoja.

Jumatano nilichukua sufuria kongwe kuliko zote ya dada, ile aliyoililia, nikaikata kwa msumeno, nikaiyeyusha. Nikaiacha itulie, nikamwaga ya juu. Chini kilibaki kitone cheusi ukubwa wa harage. Kilipopoa nikakikwaruza kwa ukucha. Ukucha uliingia: aluminiamu haifanyi hivyo, risasi hufanya.

Nilitapika nyuma ya tanuru. Wenzangu wakadhani ni moshi, wakanishauri ninywe maziwa.

Nilipogeuka, mpwa alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, amejifunga kitambaa puani. Yeye asiyekanyaga pale.

"Mjomba. Ulisema sokoni."

"Nyamaza."

"Mpaka lini? Jana mama ameniuliza nani kachukua sufuria zake. Nimwambie nini?"

"Mwambie zinasuguliwa."

"Hapana. Uongo wa nyumba hii umeshinda kimo changu." Akatoa kipande cha karatasi. "Baba yuko yadi ya malori, karibu na mizani. Analala ndani ya lori. Mimi ndiye ninayempelekea nguo."

"Ulijua alipo muda wote?"

"Ni baba yangu. Ulitaka nimsahau kwa sababu wewe una sauti kubwa?"

Nikaipokea ile karatasi.

*

Alhamisi asubuhi nilimkuta Taratibu amelala chini ya lori lake, anapaka grisi. Niliona miguu tu.

"Shemeji."

Miguu ikatulia.

"Shemeji, ni mimi."

"Nimesikia. Usiniite shemeji. Ulishanipa jina lingine."

Akatoka chini ya gari, mikono myeusi. Amekonda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya kuanzia na ya kumalizia, yakanipotea yote. Nikayamwaga tu kama yalivyo: mashine iliyolia, vile vipande vya rimu, sufuria za mwisho, kile kitone. Nilizungumza huku nazunguka lori lake, sikuweza kusimama mbele yake. Nililizunguka mara tatu, naye ananifuata kwa macho.

Nilipomaliza akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Jina lake hakulipata kwa bahati mbaya.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na uliniita mimi."

"Shemeji, nieleze kitu kimoja tu. Kwa nini hukuwa unakula?"

Akaonyesha kibati kidogo cha kupikia kilichoning'inia nyuma ya kiti cha lori. Ndani kulikuwa na viazi vya kuchemsha.

"Vidonda vya tumbo. Dada yako kila kitu ndimu na nyanya. Nikila, naungua mpaka mgongoni. Aliponipikia mara ya kwanza baada ya ndoa, alisimama pale akinitazama kama mtoto anayesubiri alama za mtihani. Nitamwambia nini? Nikaona haya. Mwaka ukapita, na mwingine. Baadaye nikaona nikisema sasa ataniuliza mbona siku zote hizo ulinyamaza."

"Ungesema siku ile tulipokuweka kati!"

"Ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikaanza tena kulizunguka lori.

"Unaona," akasema.

"Dada jina lake linarukwa kesho saa nne, shemeji. Mimi figo zangu zimeharibika. Binti yako naye anayo hiyo risasi. Umebaki wewe."

Aliposikia la binti yake alikaa kwenye ngazi ya lori, akainamisha kichwa kati ya magoti. Nikangoja anipige. Kweli kabisa, nilitamani anipige, ingekuwa nafuu.

"Figo nitatoa," akasema hatimaye. "Hilo nilishalimaliza na dokta kabla yako. Sitoi kwa ajili yako. Lakini siingii nyumba ile nikiwa muuaji. Uliniita hivyo mbele ya watu kumi na wanne. Nawataka wale wale, na wewe useme kwa mdomo ule ule. Leo."

"Leo? Hali ya dada..."

"Nitaegesha nje. Ukimaliza, niite."

*

Shangazi ndiye mwenye funguo za ukoo. Ukimpigia yeye, umepiga kengele ya shule. Saa kumi jioni kumi na wanne walikuwa wamejaa sebuleni kwa dada, wamebanana, wengine wameketi kwenye mikono ya makochi. Dada alikuwa kwenye kochi refu, shuka limemfika shingoni kuficha ule mpira wa mashine.

"Kulikoni?" akasema. "Mmekuja kunizika mapema? Subirini basi nichane nywele."

Walicheka. Dada ndivyo alivyo, anakufa huku anatania.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama.

"Kilo, unatutia kizunguzungu," shangazi akasema. "Sema ulichotuitia."

Nikasema. Sikupamba. Nilipofika kwenye kitone cha risasi, nikakitoa mfukoni na kukiweka mezani. Nikasema Taratibu hajamuua mtu, nimemsingizia, anayepaswa kutolewa na begi ni mimi.

"Rudia," shangazi akasema.

Nikarudia.

"Ngoja kwanza. Mimi ulinipa ngapi?"

"Tatu, shangazi."

"Tatu! Na leo nimechemshia nyanya!"

Hapo ndipo sebule ilipochafuka. Kila mtu akawa anahesabu sufuria zake kwa sauti. Binamu mmoja akatoka mbio kwenda kumzuia mkewe asipakue. Mwingine akanishika ukosi wa shati, akauliza watoto wake wanne wapimwe wapi. Nikamwambia kliniki, kesho, nyote mwende. Mtu akanisukuma, nikagonga kabati, sikujitetea.

Dada akajiinua kidogo kwenye kochi. Alikichukua kile kitone pale mezani, akakishika kwenye kiganja, akakitazama.

"Tokeni," akasema.

Hawakusikia.

"Nimesema tokeni!"

Wakatoka wote, shangazi wa mwisho, analia. Tukabaki dada, mpwa na mimi. Nikapiga magoti mbele ya kochi.

"Dada, nisamehe. Nimekuua kwa mikono yangu."

"Inuka, unanichosha." Akavuta pumzi. "Sufuria sikulaumu. Hukujua. Uliniletea kwa mapenzi, na mimi nilizipokea kwa mapenzi. Hapo mimi na wewe hatuna kesi."

Machozi yalinitoka. Nikadhani yamekwisha. Mjinga mimi, nikadhani yamekwisha!

"Lakini kumwita mume wangu muuaji, hilo hukulijua vilevile, na ukalisema. Ulisimama hapo hapo ulipopiga magoti. Ukapaza sauti. Na mimi nikakuamini wewe, kwa sababu nimekulea. Unajua alifanya nini pale mlangoni? Alinishika mkono. Akasema, mke wangu, wewe pia? Nikauvuta mkono wangu. Nikaupangusa kwenye nguo. Aliniona nikiupangusa."

"Mama," mpwa akasema, "baba yuko nje. Amekuja. Anatoa figo, ameshapimwa, kila kitu tayari. Kesho saa nne mnasaini tu."

Akamweleza yote, na la vidonda vya tumbo. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia la ndimu alifunga macho.

"Miaka yote hiyo anaungua," akasema. "Ili nisijisikie vibaya."

"Basi nimwite?"

"Usimwite."

"Mama!"

"Figo yake siitaki."

Nilidhani sikusikia. Mpwa naye alidhani hakusikia, tukatazamana.

"Mtu niliyempangusa mkono kama uchafu, leo nimwambie alale wampasue ubavu, anipe kilicho ndani? Kwa uso upi? Nitaamka kila siku na kiungo chake humu, kinanikumbusha. Siwezi. Kesho mwambieni dokta aruke jina langu."

"Dada, miezi sita huifikii!"

"Najua."

"Mishipa imekwisha, dokta kasema!"

"Mishipa ni yangu, nimesikia kabla yako."

Mpwa akakimbilia chumbani, akarudi na ile fomu ya hospitali na kalamu, akaviweka mapajani mwa mama yake. "Saini. Mama, nakuomba, saini, mengine tutayaongea ukiwa mzima."

Dada hakuigusa fomu. Alichukua kalamu tu. Nyuma yangu nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, taratibu, na viatu vikivuliwa kizingitini. Aliyekuwa nje hakungoja kuitwa. Sikugeuka. Dada alimwona juu ya bega langu, uso wake ukabadilika, na akaniangalia mimi badala yake.

"Nikisaini, naishi kwa mwili wa mtu niliyemdhulumu. Nisiposaini, naacha mtoto wangu bila mama. Hapa sikujiweka mimi, mdogo wangu. Umeniweka wewe." Akanyoosha mkono, akanitia kalamu kiganjani, akanikunjia vidole. "Siku ile uliniamulia bila kuniuliza. Haya, niamulie na leo. Yeye yuko hapo, anasikia."